Manusura wa ukatili wa kingono katika mahakama za Uganda: ni nani aliyepewa kazi ya kusimama naye?

Wanajamvi, nawasalimu nyote.

Naleta hoja ambayo nimekaa nayo kwa muda mrefu, na ninaomba tuijadili kwa utulivu kwa kuwa inahusu watu ambao wengi wao ni watoto. Katika kesi ya ubakaji au ya unajisi (yaani kufanya ngono na mtu aliye chini ya miaka 18) hapa Uganda, mshtakiwa ana wakili. Akiwa hana uwezo wa kumlipa, Serikali humlipia, kwa sababu ibara ya 28 ya Katiba ya mwaka 1995 inaagiza kwamba mtu anayekabiliwa na kosa linaloweza kumletea adhabu ya kifo au kifungo cha maisha apewe wakili kwa gharama ya Serikali. Hilo ni agizo jema na sitaki liguswe. Upande wa mashtaka una wakili wa serikali, ambaye anaiwakilisha dola. Ndiyo maana jalada huandikwa "Uganda dhidi ya fulani". Jaji ana karani wake. Aliyetendewa unyama wenyewe huorodheshwa kama shahidi wa upande wa mashtaka: anaitwa siku anayohitajika, anaeleza, anahojiwa, kisha anaambiwa anaweza kwenda. Katika mahakama ambazo nimewasindikiza wanawake na watoto huku mashariki, nikiwa mhudumu wa kujitolea wa kikundi cha akina mama, sijamkuta ofisa ambaye kazi aliyoajiriwa kuifanya ni kuhakikisha kwamba mtu huyu amefika salama, ameelewa kinachoendelea na amerudi kwake bila kuumizwa upya.

Kila tukio la kutisha linapotangazwa redioni, sauti nyingi hudai adhabu kali zaidi. Lakini adhabu ya juu kabisa ya ubakaji katika sheria yetu ni kifo, na tangu marekebisho ya mwaka 2007 ni hivyo hivyo kwa unajisi wenye mazingira mazito zaidi, kama vile mtoto aliye chini ya miaka 14, au mkosaji anapokuwa mzazi au mlezi wa mtoto, au anapokuwa na virusi vya Ukimwi. Hapo hakuna tena pa kupandisha. Kesi zinaanguka kwa sababu nyingine kabisa: manusura amechoka, amehama, ametishwa, amekosa nauli, au amefika kizimbani akashikwa na hofu hadi akanyamaza. Shahidi mkuu akinyamaza, adhabu iliyoandikwa kitabuni haina kazi.

Ukubwa wa jambo lenyewe unajulikana. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wanawake wa Uganda wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kutendewa ukatili wa kingono. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliotolewa mwaka 2018, ulikuta kwamba miongoni mwa vijana wa miaka 18 hadi 24, asilimia 35 ya wasichana na asilimia 17 ya wavulana walitendewa ukatili huo kabla ya kutimiza miaka 18. Polisi husajili kesi za unajisi zaidi ya 10,000 kila mwaka. Kati ya hizo, zinazofika hukumu ni sehemu ndogo, na kila aliyekaa kwenye korido za mahakama anajua kwamba wengi huachia njiani.

Naomba niieleze korido hiyo, kwa maana ndiko madhara mengi yanakotokea na ndiko wasikofika wanaoandika ripoti. Katika mahakama moja, ambayo sitaitaja, mashahidi wote husubiri kwenye benchi moja refu nje ya chumba cha kesi. Binti aliyebakwa anakaa benchi hilo tangu saa mbili asubuhi. Ndugu wa mshtakiwa wamekaa benchi hilo hilo. Shangazi yake mshtakiwa anamsogelea kwa sauti ya upole na kumuuliza kama kweli anataka kumwua mtoto wa watu. Saa nne gari la magereza linaingia, na mshtakiwa anashushwa akiwa na pingu na kupitishwa mbele ya magoti ya binti yule, kwa kuwa mlango ni mmoja. Saa saba karani anatoka na kutangaza kwamba kesi imeahirishwa kwa sababu wakili wa utetezi yuko Mahakama Kuu ya mji mwingine. Hakuna anayemwambia binti tarehe mpya kwa maandishi. Nauli aliyokuja nayo ilikuwa ya mkopo, na ile ya kurudishiwa haikutolewa kwa sababu siku hiyo hakutoa ushahidi.

Hayo yote hayahitaji sheria mpya hata moja. Chumba cha pili cha kusubiri kingeyaondoa nusu yake, na simu moja ya jioni iliyotangulia ingeondoa sehemu kubwa ya iliyobaki.

Sheria yenyewe, ukiisoma kwa makini, tayari inaruhusu mengi. Ibara ile ile ya 28 inaipa mahakama uwezo wa kuwatoa nje waandishi wa habari na umma kwa sababu za maadili, yaani kesi inaweza kusikilizwa kwa faragha. Sheria ya Ushahidi inampa hakimu mamlaka ya kukataza maswali ya aibu na ya kukashifu, pamoja na yale yanayokusudiwa kumtukana au kumuudhi shahidi. Kanuni za mwaka 2016 kuhusu ushahidi kwa njia ya picha na sauti zinaruhusu shahidi azungumze akiwa chumba kingine. Marekebisho ya mwaka 2007 yanairuhusu mahakama kumwamuru aliyetiwa hatiani kwa unajisi amlipe mwathirika fidia kwa madhara ya mwili na ya nafsi, na ibara ya 126 ya Katiba inataja fidia ya kutosha kwa waliokosewa kuwa ni miongoni mwa misingi ya utoaji haki. Tatizo ni kwamba hatua hizi zote zinahitaji mtu wa kuziomba, na aziombe mapema. Wakili wa serikali hupokea jalada, wakati mwingine, asubuhi ile ile. Kikao cha jinai cha Mahakama Kuu huweza kupangiwa kesi kama 40 mfululizo. Hata akiwa na moyo wa dhahabu, hana saa ya kukaa na mtoto na kumwonyesha kiti atakachokalia.

Nilishuhudia mtoto wa darasa la tatu akipandishwa kizimbani, na ukingo wa mbao ukamfika kidevuni. Mshtakiwa alikuwa mtu wa nyumbani kwao na alikuwa ameketi upande wa kulia, karibu kiasi kwamba mtoto angeweza kumsikia akikohoa. Mtoto aliulizwa jina lake, hakujibu. Aliulizwa tena. Mama mmoja wa kikundi chetu alinyanyuka, akaomba ruhusa kwa heshima, akaeleza kwamba mtoto anamwogopa aliye kulia kwake. Jaji hakukasirika. Aliamuru kiti kiletwe karibu na meza yake, mshtakiwa ahamishwe nyuma ya mtoto lakini aendelee kusikia na wakili wake aendelee kuona, na waliokuwa hawahusiki watoke. Kazi hiyo yote haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Mtoto alieleza, tena kwa ufasaha, na akajibu maswali ya dodoso ya wakili wa utetezi bila kulia. Sasa jiulizeni ingekuwaje kama mama yule siku hiyo angekuwa shambani.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: kila mahakama ya Hakimu Mkuu na kila kituo cha Mahakama Kuu kiwe na msaidizi wa manusura, mtumishi anayelipwa, aliyefunzwa, ambaye jina lake na namba yake ya simu ya kazini huandikwa kwenye jalada siku ile kesi inapofunguliwa. Yeye ndiye atakayetoa taarifa ya tarehe, atakayempeleka manusura kukiona chumba cha mahakama kikiwa kitupu, atakayemweleza nani hukaa wapi na kwa nini wakili wa utetezi atamuuliza maswali magumu, atakayemkumbusha wakili wa serikali kuomba faragha au pazia, atakayefuatilia nauli, na atakayempigia simu baada ya hukumu kumwambia imeamuliwaje. Hilo la mwisho nalitilia mkazo kwa sababu nimekutana na wazazi waliomwona aliyemnajisi mtoto wao sokoni, bila kujua kama alishinda kesi, alipewa dhamana au alimaliza kifungo.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Lakini mahakama zetu wenyewe zimeshaonyesha kwamba zinaweza. Katika kesi ya Thomas Kwoyelo, aliyekuwa kamanda wa kundi la waasi la LRA, Divisheni ya Makosa ya Kimataifa ya Mahakama Kuu yetu iliwaruhusu waathirika kushiriki wakiwa na mawakili wao wenyewe. Alitiwa hatiani tarehe 13 Agosti 2024 kwa makosa 44, yakiwemo ubakaji na utumwa wa kingono, akahukumiwa kifungo cha miaka 40 mwezi Oktoba mwaka huo. Desemba 2024 mahakama ikaona kwamba mfungwa hana mali ya kulipa, ikaiagiza Serikali ilipe fidia isiyozidi shilingi milioni 10 kwa kila mwathirika. Kesi ile ilichelewa mno na ninawaelewa wanaoilaumu kwa hilo. Hata hivyo ilithibitisha kwamba mwathirika anaweza kuwa na nafasi yake mahakamani Uganda bila mshtakiwa kunyang'anywa ya kwake. Sioni sababu ya mama wa Acholi aliyetekwa enzi za vita kuwa na msemaji mahakamani, na binti wa Bugiri aliyebakwa wiki iliyopita kukosa hata mtu wa kumwonyesha choo kilipo.

Nchi nyingine za Afrika nazo zimepiga hatua za kuigwa. Afrika Kusini ina vituo vya Thuthuzela ambako daktari, polisi na mwendesha mashtaka hufanya kazi mahali pamoja, na ofisi yao ya mashtaka huajiri maofisa ambao kazi yao hasa ni kuwaandaa mashahidi kabla ya kesi. Rwanda ilianzisha kituo cha Isange mwaka 2009 katika hospitali ya polisi ya Kacyiru, Kigali, kisha ikavieneza. Tanzania ina vituo vya mkono kwa mkono katika baadhi ya hospitali zake. Sheria ya Kenya ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inamruhusu shahidi dhaifu kuzungumza kupitia mtu wa kati, na mwaka 2022 mahakama maalumu ya kesi hizi ilizinduliwa Shanzu, Mombasa. Sisi tangu mwaka 2018 tumekuwa na vikao maalumu vya kesi za ukatili wa kijinsia, navyo vimepunguza mlundikano. Lakini kikao huja na kuondoka, na fedha zake kwa sehemu kubwa zimekuwa za wafadhili. Manusura anayefunguliwa jalada mwezi mmoja baada ya kikao kufungwa huanza upya kusubiri.

Karibuni tujadili. Wenye uzoefu wa polisi, hospitali, mahakama na kambi za wakimbizi, nawaomba msipite kimya.

Mchangiaji, askari mstaafu, Jinja

Dada mleta uzi, ahsante kwa hoja nzito. Nilitumikia polisi kwa muda mrefu, sehemu yake katika kitengo cha familia na watoto, na ninaomba kuongeza kwamba msaidizi huyo akianzia mahakamani atakuwa amechelewa. Kesi hufia kituoni. Manusura anafika, anaambiwa aende kupiga fotokopi ya fomu ya uchunguzi wa kitabibu kwa fedha yake, ilhali fomu ile ni ya bure. Anafika zahanati akiwa ameoga kwa sababu hakuna aliyemwambia asioge. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, lakini yeye bado anazungushwa kati ya kituo na hospitali.

Jambo jingine ni vielelezo. Nguo yenye unyevu ikifungwa kwenye mfuko wa plastiki huota ukungu kabla haijafika maabara ya Serikali kule Wandegeya, Kampala. Inatakiwa ikaushwe kivulini na iwekwe kwenye bahasha ya karatasi. Maaskari wengi vijana hawajafundishwa hata hilo. Miaka ya nyuma mwenye kujaza fomu ile alikuwa daktari tu. Sasa mkunga na ofisa tabibu wanaruhusiwa, jambo ambalo limesaidia sana vijijini, ila siku ya kesi unakuta aliyejaza amehamishiwa wilaya nyingine na hakuna wa kumfuata.

Mleta uzi

Afande, nakushukuru, na ninakubali kabisa kwamba jina la msaidizi liandikwe tangu kituoni. Naongeza kwa faida ya wasomaji kwamba Mahakama ya Juu ya Uganda, katika rufaa ya Bassita Hussein ya mwaka 1995, ilieleza kwamba tendo lenyewe linaweza kuthibitishwa kwa ushahidi wa moja kwa moja au wa mazingira, na kwamba ripoti ya daktari, ingawa inafaa kuwapo, si sharti lisiloepukika. Nimewaona wazazi wakirudishwa nyumbani kwa kuambiwa kwamba bila ripoti hakuna kesi. Waambiwe ukweli.

Mchangiaji, Kampala

Naomba niseme lisilopendeza. Makosa haya yana adhabu ya kifo au kifungo cha maisha. Nimeona vijana wa miaka 18 na 19 wakioza rumande kwa sababu wazazi wa msichana mwenye miaka 17 hawakuupenda uhusiano wao, na nimeona kesi ya unajisi ikizaliwa na ugomvi wa shamba. Mkimwekea mlalamikaji mtu wa kumshika mkono ndani ya mahakama, tena analipwa na Serikali, si mtakuwa mmeshaamua kwamba anachosema ni kweli kabla jaji hajasikia? Ibara ya 28 inasema mtu hana hatia hadi ithibitishwe.

Mleta uzi

Ndugu yangu, hofu yako ni ya haki na haipaswi kupuuzwa. Vijana unaowataja wapo. Marekebisho ya mwaka 2007 yaliwafikiria watoto wanaokuwa na uhusiano kati yao na kuwaelekeza kwenye taratibu za Sheria ya Watoto, lakini kijana aliyevuka 18 kwa miezi michache hayumo, na hilo ni suala la wabunge kulitazama.

Ila tazama msaidizi anafanya nini hasa. Hatoi ushahidi, hasemi na jaji kuhusu ukweli wa madai, wala hamwandalii shahidi majibu. Anayepewa kiti, maji na tarehe sahihi hajapewa ushindi. Maswali ya dodoso yatabaki pale pale, na wakili wa utetezi ataendelea kuuliza kila swali linalohusu kosa. Tena nadhani mshtakiwa asiye na hatia ananufaika zaidi ya wote kesi inaposikilizwa mapema na shahidi anapoeleza kwa utulivu, kwa sababu maelezo yaliyotulia ndiyo yanayopimika. Shahidi anayetetemeka na kunyamaza hamsaidii yeyote. Kesi huahirishwa, na kijana wako huyo huendelea kukaa gereza la Luzira.

Kuhusu madai ya uongo, mnakumbuka Muswada wa Makosa ya Kingono uliopitishwa na Bunge tarehe 3 Mei 2021, ambao Rais alikataa kuutia saini. Ulikuwa na kifungu cha kumwadhibu anayetoa madai ya uongo. Mimi nilikiogopa kifungu kile. Katika kijiji ambako mwenye fedha anaweza kununua mashahidi, msichana anayeshindwa kuthibitisha angeweza kugeuzwa mshtakiwa, na habari ya mmoja aliyefungwa hivyo ingewanyamazisha wa tarafa nzima. Sheria ya sasa tayari inaadhibu kutoa taarifa za uongo kwa polisi, na inatosha.

Mchangiaji, mfanyakazi wa huduma za jamii, Nakivale

Huku kwetu makazi ya wakimbizi tuna ndugu wengi kutoka Kongo, na Kiswahili ndicho lugha yao ya kila siku. Kuna jambo ambalo mleta uzi hakuligusa. Kesi huendeshwa kwa Kiingereza, na mkalimani mara nyingi ni yeyote aliyepatikana asubuhi hiyo. Nimeona mama akilazimika kueleza alivyobakwa kupitia kinywa cha jirani yake mwanamume, ambaye jioni watakutana naye kwenye foleni ya mgao wa chakula. Nusu ya aliyoyasema haikufika kwa hakimu, kwa sababu mkalimani mwenyewe aliona haya kuyatamka.

Mahakama inayotembea, ile ambayo hakimu hufika hapa makazini badala ya watu kusafiri hadi mjini, imetusaidia sana. Kesi zinasikika karibu na mashahidi. Lakini ukaribu nao una gharama yake: turubai halina pazia, na watu hukusanyika kutazama. Huko ndiko faragha inakohitajika kuliko kwingine kote.

Mleta uzi

Umenifungua macho, ndugu. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, kwa hiyo kuwa na orodha ya wakalimani walioapishwa, wanawake kwa wanaume, ni wajibu wa mahakama na wala si hisani kwa mgeni. Mkalimani wa kesi hizi achaguliwe kutoka nje ya kitongoji cha manusura, na manusura aulizwe mapema kama anataka mwanamke. Naliongeza hili katika kazi za msaidizi.

Mchangiaji, mama wa watoto wanne, Arua

Mimi nasema kwa ufupi. Mtoto wa dada yangu kesi yake iliishia kwa wazee. Mwenyekiti wa kijiji aliita pande mbili, mbuzi wakatolewa, karatasi ikasainiwa. Mtoto hakuulizwa. Dada yangu alikubali kwa sababu alishakwenda mahakamani mara nyingi akirudishwa, na mbuzi walikuwa mlangoni.

Mleta uzi

Pole sana, mama, na mpe pole dada yako. Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya Mitaa ya mwaka 2006 haiwapi wenyeviti mamlaka yoyote juu ya ubakaji wala unajisi, na karatasi waliyosaini haizuii kesi kuendelea. Mashtaka ni ya Serikali, hayafutwi na makubaliano ya familia. Kama mtoto bado yuko tayari, suala linaweza kupelekwa kwa wakili wa serikali wa wilaya, au dada yako aanze kwa kupiga namba 116 ya Sauti, ambayo ni ya bure. Lakini sitamlaumu dada yako hata kidogo. Alipewa uchaguzi kati ya mahakama iliyomchosha na wazee waliomjia nyumbani, na kila aliyeahirisha kesi ile bila kumweleza sababu alimsukuma hatua moja kuelekea kwa wazee.

Mchangiaji, wakili, Mbale

Nimefuatilia uzi huu na ninakubaliana na mengi. Naomba nirekebishe picha kidogo na kuonya kuhusu jambo moja.

Picha: Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka inayo idara inayoshughulikia ulinzi wa mashahidi na kuwawezesha waathirika, pamoja na idara ya jinsia, watoto na makosa ya kingono. Kwa hiyo wazo si geni serikalini. Kinachokosekana ni watumishi wake huku mikoani na sheria ya kulinda mashahidi, ambayo imezungumzwa kwa miaka mingi. Pia tusisahau tulikotoka. Majaji walikuwa wakijionya kwamba ni hatari kumtia mtu hatiani kwa neno la mwanamke peke yake katika kesi za kingono, hadi Jaji Lugayizi katika kesi ya Uganda dhidi ya Peter Matovu alipoamua kwamba sharti hilo linawabagua wanawake na halipatani na Katiba. Kwa mtoto mdogo asiyeelewa kiapo, hata hivyo, sheria bado inataka ushahidi mwingine wa kuunga mkono maelezo yake, na hapo ndipo kazi ya polisi aliyoieleza Afande inapookoa au kuangusha kesi.

Onyo: msaidizi asiguse ushahidi. Wakili wa utetezi atamuuliza shahidi kama kuna mtu aliyekaa naye akamfundisha la kusema, na jibu likiwa na shaka, kesi nzima inatiwa doa. Msaidizi aeleze utaratibu, chumba, watu na haki za shahidi. Asiulize kilichotokea, wala asikae chumbani wakati wakili wa serikali anapomsomea shahidi maelezo yake ya polisi. Hilo liandikwe kwenye mwongozo wake wa kazi.

Na fidia iombwe. Nimeona kesi nyingi ambazo hatia inathibitishwa, hukumu inasomwa, na hakuna aliyeleta hata risiti moja ya hospitali ili mahakama iwe na msingi wa kuamuru malipo. Vivyo hivyo katika makubaliano ya kukiri kosa: kanuni za mwaka 2016 zinautaka upande wa mashtaka uzingatie maslahi ya mwathirika, lakini wengi husikia miaka iliyokubaliwa wakati imeshasomwa.

Mleta uzi

Wakili, nakushukuru kwa masahihisho. Umesema kweli kuhusu idara hizo na nimejifunza. Onyo lako nalichukua lilivyo. Sisi wa kikundi tayari tuna mwiko wa kutomuuliza manusura habari za tukio, na tunamwambia tangu siku ya kwanza kwamba hatutauliza. Wengi hushusha pumzi wanaposikia hivyo, kwa sababu wameshaisimulia habari ile kwa polisi, kwa muuguzi, kwa mwenyekiti na kwa ndugu. Kuhusu risiti, kuanzia sasa tutawapa akina mama bahasha moja ya kuhifadhia kila karatasi ya matibabu na nauli.

Mchangiaji, mwalimu, Tororo

Dada, nimesoma yote. Ajira mpya za Serikali zitachukua miaka kupitishwa. Je, sisi wa wilayani tunaweza kuanzia wapi mwezi huu?

Mleta uzi

Mwalimu, kila wilaya ina kamati inayokutanisha hakimu, polisi, magereza, wakili wa serikali na ofisa wa ustawi wa jamii. Mwenyekiti wake huwa ni jaji au hakimu. Andikeni barua kwa karani wa mahakama mkiomba nafasi katika kikao chake kijacho, na mwende na maombi machache yasiyohitaji bajeti mpya. Ombeni chumba kimoja, hata kama ni ofisi ya karani, kitengwe kwa ajili ya mashahidi wa kesi hizi siku za kusikilizwa. Ombeni kesi za watoto ziitwe kwanza asubuhi, kabla ya nyingine zote. Ombeni gari la magereza lishushe washtakiwa kupitia mlango wa nyuma pale ulipo, au kabla mashahidi hawajafika. Ombeni tarehe mpya iandikwe kwenye karatasi na apewe manusura mkononi kabla hajaondoka, na ofisa wa ustawi wa jamii atajwe kuwa mtu wa mawasiliano hadi ajira hizo zitakapopatikana.

Katika mahakama moja tuliyoyapeleka maombi haya, hakimu alikubali matatu papo hapo. La mlango wa nyuma lilikataliwa kwa sababu za ulinzi, na bado tunalijadili na mkuu wa magereza. La nauli limekwama kwa sababu fungu lake hutoka Kampala. Mkipata nafasi ya kikao, niandikie kwa faragha nikutumie nakala ya barua yetu muibadilishe kulingana na mahakama yenu.